Sinema Iliyomsifu Marlee Matlin Kabla ya Kumsikiliza

Usiku wa tarehe 30 Machi 1987, mjini Los Angeles, mwigizaji William Hurt alisimama jukwaani akiwa na bahasha mkononi. Desturi ya Oscar ni kwamba mwigizaji bora wa kiume wa mwaka uliopita ndiye humtangaza mwigizaji bora wa kike, na Hurt alikuwa ameshinda mwaka uliotangulia kwa filamu ya Kiss of the Spider Woman. Jina lililokuwamo ndani ya bahasha ni la Marlee Matlin, msichana wa miaka 21 aliyeigiza naye katika Children of a Lesser God, yaani Watoto wa Mungu Mdogo. Hiyo ilikuwa filamu ya kwanza ya Matlin, na walioshindana naye walikuwa Jane Fonda, Sissy Spacek, Kathleen Turner na Sigourney Weaver. Alipanda, akashukuru kwa mikono, na kuanzia usiku ule akawa kiziwi wa kwanza kupata Oscar ya uigizaji. Hadi leo hakuna aliyeshinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike akiwa na umri mdogo kuliko wake. Wanaosimulia kisa hiki kwa kawaida huishia hapo, kana kwamba tangu usiku ule sinema ilikuwa imewakaribisha viziwi nyumbani. Mimi naona ushahidi unasema vinginevyo. Usiku ule Hollywood ilimpongeza mtu mmoja, ikaendelea na shughuli zake kama kawaida, na kiziwi wa pili kupata Oscar ya uigizaji alipatikana tarehe 27 Machi 2022, zikiwa zimebaki siku 3 tu kutimia miaka 35. Kilichobadilisha mambo ni kazi aliyoifanya Matlin katika miaka hiyo ya katikati, na kazi hiyo haijasimuliwa hata robo ya jinsi tuzo yake ilivyosimuliwa.

Ili kuipima miaka hiyo 35, lazima kwanza turudi nyuma, kwa sababu viziwi hawakuwa wageni wa sinema. Walikuwamo tangu ilipoanza. Wakati wa filamu zisizo na sauti, kiziwi na mwenye kusikia walikaa ukumbi mmoja wakaelewa hadithi kwa kiwango kimoja, wote wakisoma maandishi yaliyokatiza picha na wote wakifuata nyuso na mikono ya waigizaji. Mchoraji kiziwi Granville Redmond alikuwa rafiki wa Charlie Chaplin na alionekana katika filamu zake kadhaa, ikiwemo City Lights ya mwaka 1931. Emerson Romero, kiziwi aliyezaliwa Cuba, aliigiza katika vichekesho vifupi vya enzi hiyo. Kisha mwaka 1927 ikaja The Jazz Singer, na katika miaka michache tu sauti ikatawala. Maandishi yaliyokuwa yakimhudumia kila mtu yakaondolewa, na watazamaji waliokuwa ndani jana wakajikuta nje leo bila ya mtu yeyote kutamka kwamba anawafukuza. Romero naye alibaki bila kazi ya uigizaji. Mwaka 1947 alianza kununua filamu za zamani, akazikata, akachomeka vipande vya maandishi katikati ya picha, ili viziwi wenzake wapate tena kuzifuata. Naikumbusha kazi hiyo ya mkasi na gundi kwa sababu inaonyesha kwamba tatizo halikuwa masikio ya watazamaji. Mashine ilikuwa imebadilishwa, na aliyeibadilisha hakuwafikiria.

Hata hivyo, Hollywood haikuuacha uziwi wenyewe. Iliupenda kama vazi la kuvaliwa na watu wanaosikia. Mwaka 1948 Jane Wyman aliigiza msichana kiziwi katika Johnny Belinda, asitamke neno hata moja, na akapewa Oscar. Mwaka 1968 Alan Arkin aliigiza kiziwi katika The Heart Is a Lonely Hunter, akateuliwa kuwania tuzo hiyo hiyo. Katika filamu hizo kiziwi ni kiumbe mpole, mpweke, anayewasaidia wengine kuitambua mioyo yao, na mara chache ana maoni makali kuhusu jambo lolote. Picha hiyo ilikuwa na mizizi mirefu. Tangu mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880, shule nyingi za Ulaya na Marekani zilipiga marufuku lugha ya alama darasani zikawalazimisha watoto kutamka na kusoma midomo. Mikono ilionekana ni dalili ya ujinga. Ni mwaka 1960 tu ambapo William Stokoe, mwalimu wa Kiingereza katika Chuo cha Gallaudet, chuo cha viziwi jijini Washington, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba alama za viziwi wa Marekani ni lugha kamili, yenye vipashio na kanuni zake. Miaka 7 baadaye likaanzishwa kundi la taifa la maigizo la viziwi, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwamo Phyllis Frelich, binti wa wazazi viziwi kutoka North Dakota. Bila Frelich, jina la Matlin lisingejulikana.

Mwandishi Mark Medoff alikutana na Frelich na mumewe, Robert Steinberg, mwishoni mwa miaka ya 1970. Steinberg anasikia, na ndiye aliyewatafsiria. Frelich alimweleza jambo la wazi: mwigizaji kiziwi hana nafasi za kuigiza. Medoff akaahidi kumwandikia moja, na ahadi akaitimiza. Mchezo huo, Children of a Lesser God, ulifanyiwa mazoezi na kuonyeshwa kwanza katika chuo kikuu alikofundisha Medoff, huko New Mexico, mwaka 1979, ukahamia Los Angeles, na tarehe 30 Machi 1980 ukafunguliwa Broadway, ambako ulionyeshwa mara 887. Mwaka huo huo ulipata tuzo ya Tony ya mchezo bora, na Frelich akawa kiziwi wa kwanza kupata Tony ya uigizaji. Medoff alifanya na jambo jingine ambalo lina uzito kuliko tuzo hizo: alishikilia kwamba wahusika viziwi katika maonyesho ya kitaaluma ya mchezo wake waigizwe na viziwi au watu wenye usikivu hafifu. Kwa hiyo popote mchezo ulipokwenda, ajira ilikwenda nao. Ulipofika Chicago, katika nafasi ndogo ya mwanafunzi aitwaye Lydia, alikuwamo Marlee Matlin.

Matlin alizaliwa mwaka 1965 karibu na Chicago, katika familia ya watu wanaosikia, akapoteza usikivu akiwa na miezi 18. Akiwa na miaka 7 aliigiza Dorothy wa The Wizard of Oz katika kundi la maigizo la watoto viziwi. Mwongozaji Randa Haines, aliyekuwa akitafuta mwigizaji wa filamu yake ya kwanza ndefu, aliangalia mkanda wa onyesho la Chicago, na macho yake yakamwacha mhusika mkuu yakamfuata msichana yule wa pembeni. Filamu ikapigwa New Brunswick, nchini Kanada, ikatoka Oktoba 1986. Ni hadithi ya James Leeds, mwalimu mpya katika shule ya viziwi anayesifika kwa kuwafundisha wanafunzi kutamka, na Sarah Norman, mhitimu wa shule hiyo hiyo ambaye sasa anafagia sakafu zake na anakataa katakata kutumia sauti. Wanapendana, wanaishi pamoja, na kila siku wanagombania lugha. Kuna mahali James anaweka santuri ya Bach, muziki ambao zamani ulimburudisha, kisha anauzima kwa sababu hawezi kuufurahia wakati Sarah hausikii. Sarah anamwomba amwonyeshe muziki huo. James anasimama katikati ya chumba, anainua mikono, anajaribu kuuchora hewani, anaanza, anasita, mikono inashuka. Katika kipindi hicho kifupi mwalimu ndiye asiye na lugha, na Sarah anamtazama kwa upole wa mtu anayeijua sana hali ile. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipande bora kuliko vyote katika filamu nzima.

Lakini filamu iliyomheshimu Sarah kiasi hicho haikumwachia azungumze mwenyewe. Karibu kila anachosema kwa mikono, James anakirudia kwa mdomo, ama kwa kukitafsiri ama kwa kukijibu kama swali, ili watazamaji wanaosikia wasipotee. Msomaji aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video akaisikiliza filamu ya kigeni kupitia sauti ya Lufufu wa Tanzania au DJ Afro wa Kenya anaijua nguvu ya mtu wa namna hiyo. Anayetafsiri ndiye anayeamua lipi lisikike, lini na kwa hisia gani, na baada ya muda watazamaji wanamfuata yeye kuliko wale walio kwenye picha. Tofauti ni kwamba Lufufu na DJ Afro wako nje ya hadithi, hali James ni mhusika mwenye masilahi yake katika kila ugomvi anaoutafsiri. Roger Ebert, mhakiki wa Chicago aliyeisifia filamu hii kwa mengi, alilalamika kwamba inasimuliwa kutoka upande wa wenye kusikia. Upande wa pili wa jambo hilo ulikuwa mchungu zaidi. Kumbi za sinema za miaka ile kwa kawaida hazikuweka maandishi kwenye filamu za Kiingereza. Kiziwi wa Chicago aliyelipa kiingilio kwenda kumwona kiziwi mwenzake aliweza kuiona mikono ya Sarah pale kamera ilipoionyesha, lakini mazungumzo ya James na mkuu wa shule, au maneno ya mama yake Sarah, yalipita kimya. Filamu kuhusu viziwi ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaosikia, na tuzo ilitolewa na watu hao hao.

Baada ya ushindi lilizuka pingamizi ambalo linastahili kujibiwa, kwa sababu limerudi mara nyingi kwa sura tofauti. Mhakiki Rex Reed aliandika kwamba Matlin alipewa kura za huruma, na kwamba kiziwi akiigiza kiziwi hajaigiza. Hoja hiyo ina mvuto wa haraka, ila haisimami ikikaguliwa. Sarah hataki kutamka, amejitenga, anaishi kwa alama tupu. Matlin alilelewa kati ya watu wanaosikia, alivaa vifaa vya kusaidia usikivu, alisoma katika shule za kawaida zilizokuwa na mpango wa viziwi, na alitamka bila aibu tangu utotoni. Kuwa kiziwi hakukumpa hasira ya Sarah, wala namna yake ya kutembea, wala ule ukelele mmoja wa sauti unaomtoka wakati wa ugomvi mkubwa, baada ya filamu nzima ya ukimya. Hivyo vyote alivitengeneza. Isitoshe, hakuna aliyesema kwamba mwigizaji mwenye kusikia anayeigiza mtu mwenye kusikia hafanyi kazi. Kama kufanana na mhusika kwa jambo moja la mwili kunafuta uigizaji, basi karibu tuzo zote za Oscar zingerudishwa. Kilichojificha ndani ya pingamizi hilo ni dhana kwamba uziwi ndio mtu mzima, na kwamba ukishamwona kiziwi mmoja umeshamaliza kujua viziwi wote.

Miezi iliyofuata ilionyesha jinsi tuzo isivyomkinga mtu. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2009, Matlin alieleza kwamba uhusiano wake na Hurt ulikuwa na vipigo, na kwamba baada ya sherehe ile ile, wakiwa garini, Hurt alimhoji anadhani amestahili vipi kitu ambacho wengine wamekitolea jasho kwa miaka. Kitabu kilipotoka Hurt aliomba radhi hadharani kwa maumivu yoyote aliyoyasababisha. Machi 1988 wanafunzi wa Gallaudet walifunga milango ya chuo baada ya bodi kumteua rais anayesikia, Elisabeth Zinser, ambaye hakujua lugha ya alama. Matlin alitokea pamoja na kiongozi wa wanafunzi, Greg Hlibok, na Zinser mwenyewe katika kipindi cha televisheni cha Nightline kilichotazamwa nchi nzima. Wiki haikuisha kabla Zinser hajajiuzulu, na I. King Jordan akawa rais kiziwi wa kwanza katika chuo kilichokuwa na umri wa miaka 124. Mwezi uliofuata Matlin alirudi kwenye jukwaa la Oscar, safari hii kutangaza mshindi wa kiume, na akaamua kuyataja majina ya walioteuliwa kwa sauti yake mwenyewe. Viziwi wengi walikasirika. Kwao, aliyekuwa amesimama na Gallaudet sasa alikuwa amekubali kwamba mkono hautoshi mbele ya dunia.

Lawama ile ina haki yake. Watu waliofungiwa mikono utotoni kwa jina la matamshi hawawezi kulaumiwa kwa kuumia wanapomwona aliye juu kuliko wote akitamka mbele ya mamilioni. Lakini inafaa tuulize kwa nini kitendo kimoja cha msichana wa miaka 22 kilibebeshwa uzito wa taifa zima la viziwi. Jibu ni kwamba hakukuwa na mwingine. Waigizaji viziwi walikuwapo: Frelich, na Linda Bove, aliyekuwa katika Sesame Street tangu miaka ya 1970 akiwafundisha watoto alama. Lakini Hollywood ilikuwa imemchagua mmoja, ikamweka mbele ya kamera, ikaona imemaliza wajibu wake. Aliye peke yake hawezi kukosea kama mtu binafsi. Kila neno lake linahesabiwa kuwa neno la wote. Wangekuwapo waigizaji 10 wa hadhi yake, mmoja angetamka, mwingine angekataa kabisa kutamka, na dunia ingejifunza kwamba viziwi hutofautiana kama watu wengine wowote. Ushindi wa mmoja uliwapa watu kisingizio cha kutomtafuta wa pili.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Kazi hiyo ilikuwa ya televisheni zaidi kuliko sinema, ya vipindi vya kila wiki na siyo vya usiku wa tuzo. Kuanzia mwaka 1991 hadi 1993 Matlin aliigiza Tess Kaufman, mwendesha mashtaka katika Reasonable Doubts, mwanamke ambaye tatizo lake la kila siku ni kesi na ushahidi. Mwaka 1993 aliingia Seinfeld kama mwamuzi wa mstari katika tenisi, akashiriki kichekesho kuhusu kusoma midomo ambamo wanaochekwa ni wale wanaotaka kuutumia ujuzi wake kwa umbeya. Katika Picket Fences alikuwa meya. Katika The West Wing alikuwa Joey Lucas, mtaalamu wa kura za maoni ambaye wanasiasa wa ikulu humwogopa kwa sababu takwimu zake ni sahihi, na mkalimani wake yuko kando yake bila kumpunguzia chochote. Baadaye zikaja The L Word na Switched at Birth, tamthilia iliyodumu kuanzia 2011 hadi 2017 ikiwa na waigizaji viziwi kadhaa na mazungumzo marefu ya alama yenye maandishi chini. Ukizipanga nafasi hizo kwa mfuatano utaona jambo ambalo filamu ya 1986 haikuweza kulifanya. Sarah Norman anaishi ndani ya swali moja tu, la kutamka au kutotamka. Tess, Joey na wenzao wana kodi za kulipa, kesi za kushinda na wapenzi wa kugombana nao. Mtazamaji wa kawaida alizoea kumwona kiziwi akifanya kazi, na kuzoea huko kunajenga kitu ambacho mshangao haukijengi.

Sambamba na hayo kulikuwa na suala la maandishi kwenye skrini, na hapa Matlin alifanya kazi isiyopigiwa makofi. Katika miaka ya 1980 kiziwi wa Marekani aliyetaka kusoma maandishi ya vipindi vya televisheni alilazimika kununua kisanduku cha pekee kwa karibu dola 200 na kukiunganisha na runinga yake. Wengi hawakukinunua, na kwa kuwa walikinunua wachache, vituo havikuona faida ya kuandika maandishi. Na kwa kuwa maandishi yalikuwa machache, watu hawakuona sababu ya kununua kisanduku. Sheria ya mwaka 1990 iliukata mzunguko huo kwa kuagiza kwamba runinga zote zenye skrini ya inchi 13 au zaidi zitakazotengenezwa kuanzia Julai 1993 ziwe na uwezo huo ndani yake. Matlin alikuwa miongoni mwa waliotoa ushahidi mbele ya Kongresi kuitetea. Sheria ile iliwahudumia viziwi, wazee waliopungukiwa usikivu, wahamiaji wanaojifunza Kiingereza, na watu wanaotazama mpira katika mikahawa yenye kelele. Kile ambacho Romero alikitengeneza kwa mkasi mwaka 1947 kikawa sehemu ya mashine yenyewe. Nikilinganisha sheria hii na sanamu ya dhahabu ya 1987, sioni shaka ni ipi iliyowafikishia viziwi wengi zaidi hadithi walizonyimwa.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la Reed, na wanaolitoa wengi wana nia njema. Wanasema uigizaji maana yake ni kujifanya usiye, kwa hiyo kudai kwamba kiziwi aigizwe na kiziwi ni kuiua sanaa. Jibu la kwanza ni la lugha. Mwenye kusikia anayejifunza alama kwa wiki chache hufanana na mgeni aliyekariri mistari ya Kiswahili bila kukijua: atafika mwisho wa sentensi, ila lafudhi, pumzi na mahali pa mkazo vitamsaliti mbele ya kila mzawa. Alama hutumia nyusi, mabega, kasi na ukubwa wa mwendo kama sarufi, na viziwi huona makosa hayo papo hapo. Jibu la pili ni la haki. Kanuni ya kujifanya usiye ingekuwa na nguvu kama ingefanya kazi pande zote mbili, lakini viziwi hawaitwi kuigiza wenye kusikia, kisha hata nafasi chache zilizoandikwa juu yao wanapewa wengine. Filamu ya Kifaransa La Famille Bélier ya mwaka 2014 ina wazazi viziwi walioigizwa na waigizaji wanaosikia, na viziwi wa Ufaransa walilalamika. Hadithi hiyo hiyo ilipoandikwa upya Marekani kwa jina la CODA, Matlin alishachaguliwa kuwa mama, na wenye fedha wakafikiria kumleta mwigizaji maarufu anayesikia awe baba. Matlin aliwaambia kwamba wakifanya hivyo yeye anajitoa. Nafasi hiyo ya baba akapewa Troy Kotsur, kiziwi aliyekuwa amefanya kazi ya jukwaani kwa miaka mingi, na mtoto wao wa kiume akaigizwa na Daniel Durant, kiziwi pia.

Wenye fedha daima walikuwa na kauli moja, kwamba soko halitaki. CODA, iliyoongozwa na Sian Heder, ilionyeshwa kwanza katika tamasha la Sundance Januari 2021, na kampuni ya Apple ikainunua kwa dola milioni 25, kiwango ambacho filamu yoyote ya tamasha lile haikuwa imekifikia. Ilipotolewa, ilionyeshwa kumbini ikiwa na maandishi wazi kwenye skrini, na Machi 2022 ikashinda Oscar zote 3 ilizoteuliwa, ikiwemo ya filamu bora na ile ya uigizaji aliyoipata Kotsur. Sitaki kuikuza kupita kiasi. Viziwi kadhaa walisema, kwa haki, kwamba hadithi yake bado inamzunguka binti anayesikia na kipaji chake cha kuimba, yaani muziki tena. Na Januari 2023 Matlin, akiwa jaji wa Sundance, alilazimika kutoka ukumbini pamoja na majaji wenzake wawili kwa sababu kifaa cha maandishi alichopewa hakikufanya kazi. Mshindi wa Oscar mwenye umri wa miaka 57, aliyealikwa kuhukumu filamu, hakuweza kuisoma. Mambo hayo yanatuonya tusiige kosa la 1987 la kudhani kwamba ushindi mmoja umemaliza shughuli.

Kuna watakaouliza kama si ile Oscar ya kwanza iliyompa Matlin sauti ya kusikilizwa Kongresi na jeuri ya kuwatisha wenye fedha. Nakubali kabisa kwamba ilimpa. Bila jina lile, tishio lake la kujitoa lisingemsumbua mtu. Lakini jina ni chombo, na chombo hakifanyi kazi chenyewe. Wengi wamepata tuzo hiyo na kuiweka kabatini. Yeye aliitumia kwa miaka 35, na alipoitumia kwa nguvu zaidi ilikuwa kwa faida ya mtu mwingine, Kotsur, ambaye ndiye aliyeondoka na sanamu. Filamu ya maisha ya Matlin iliyofunguliwa Sundance mwaka 2025 inaitwa Not Alone Anymore, yaani Si Peke Yangu Tena, na mwongozaji wake, Shoshannah Stern, ni kiziwi. Mwaka 1986 mikono ya Matlin ilitafsiriwa na mdomo wa mwanamume. Safari hii anayeuliza na anayejibu wote wanatumia alama, na anayesikia ndiye anayesoma maandishi.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuitazama historia hii kama habari ya mbali. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliitaja lugha ya alama miongoni mwa mambo ambayo dola inapaswa kuyaendeleza, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Maandishi hayo ya katiba ni heshima kubwa, na kwa maana hiyo yanafanana na tuzo. Thamani yake itapimwa kwa mkalimani aliyeko hospitalini, kwa mwalimu anayeijua lugha hiyo darasani, kwa mwandishi wa tamthilia anayemwandikia mwigizaji kiziwi nafasi ya hakimu au ya mama mkwe mkorofi. Hata neno bubu, ambalo bado tunawapachika viziwi bila kufikiri, linadai kwamba asiyetumia mdomo hana la kusema, na historia yote niliyoisimulia inalikanusha.

Usiku ule wa Machi 2022 aliyemtangaza Kotsur alikuwa mwigizaji wa Korea, Youn Yuh-jung. Kabla ya kutamka jina lake alimwashiria kwa mikono. Ukumbi mzima ukainua viganja na kuvitikisa hewani, ambavyo ndivyo viziwi wapigavyo makofi. Kotsur alipofika alipewa sanamu, akaanza kushukuru, na hapo ikaonekana kwamba mtu aliyeshika kitu hawezi kuzungumza vizuri kwa alama. Youn akamsogelea, akaichukua ile sanamu kutoka mkononi mwake, akarudi nyuma hatua moja, akasimama ameishikilia hadi mwenzake alipomaliza yote aliyotaka kusema.